Magitaa Mawili ya Damu ya Mzee

Niliwaacha getini wiki iliyopita, nimesimama mikono mitupu, na mlinzi wa ukumbi ananitazama kama mtu ambaye hajawahi kunywa chai yangu. Naanzia hapo hapo.

Kwa aliyechelewa kuingia: jina langu Chiku, mtoto wa Bi Nasma wa Ilala. Nilipiga gitaa la solo katika bendi ya Zinduna Sound kwa miaka ambayo nimeacha kuihesabu, mpaka bosi Haruna aliponiita ofisini kwake na kuniambia nimpishe mwanawe, Khalfani. Mimi nihamie kwa wacheza shoo, au nikae nyumbani nilee.

Nikamuuliza nilee nani, maana sina mtoto. Alinyoosha mkono tu, akasema, "Gitaa."

Nikampa. Ningefanyaje? Gitaa lilikuwa lake. Wasioijua dansi wanadhani kila mwanamuziki ana chombo chake, kama fundi cherehani na mkasi wake. Huku kwetu sivyo. Vyombo ni vya tajiri. Magitaa, ngoma, spika, mpaka nyaya, vyote vyake. Wewe unaleta vidole, na siku mkikosana unaondoka na vidole vyako.

Mhariri amenionyesha ujumbe wenu. Msomaji mmoja wa Tabata ameandika kwamba nirudi nikamwombe Haruna radhi, kwani mkono usioweza kuukata, ubusu.

Msomaji wa Tabata, ahsante. Mkono ule nimeubusu mpaka midomo imechoka. Sirudi.

Jumatano asubuhi nilikwenda Bungoni kwa Euphrasia. Huyu ni mama wa Kirombo mwenye baa yenye jukwaa dogo, na bendi ambayo mpiga solo wake amepata mkataba wa hoteli Uarabuni. Nilimkuta anakagua kreti za soda.

"Nakujua," akasema kabla sijakaa. "Nimekuona Zinduna. Unapiga huku umefumba macho."

"Nilikuwa sitaki kumwona bosi."

Akacheka, akanisogezea kiti. Nikasema moyoni, leo nimepata. Mimi na bahati tulikuwa hatujaonana muda mrefu, ndiyo maana sikuitambua sura yake vizuri.

"Nafasi ipo," Euphrasia akaendelea. "Njoo Ijumaa jioni upige, watu wakusikie na mimi nikusikie. Ukinikosha, kiti ni chako. Ila nina sharti. Uje na gitaa lako."

"Hilo si tatizo, dada. Nitaazima kwa..."

"Nimesema lako. Kuna mmoja alikuja hapa na la kuazima. Mwenyewe akalifuata katikati ya wimbo, baa imejaa. Akapanda jukwaani akamvua shingoni kama anaanua taulo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, Chiku. Mimi matako ya watu jukwaani kwangu sitaki kuyaona tena."

Nilitoka pale nimekasirika, halafu kabla ya kufika barabarani hasira ikageuka. Yule mama alikuwa amesema kitu nilichokuwa nakitaka mwenyewe bila kukipa jina. Kiti nilikitaka, ndiyo. Lakini zaidi ya kiti nilitaka chombo ambacho hakuna mtu chini ya jua atakayeninyooshea mkono na kusema, "Gitaa."

Zamu yangu ya kupokea fedha za mchezo wa akina mama ilikuwa imefika wiki ile. Mama alitaka tununue friji. Nikamwambia friji halina nyuzi.

"Na gitaa haligandishi maji," mama akajibu. Lakini hakuzuia.

Alhamisi nilianzia Kariakoo, kwenye maduka ya vyombo vya muziki. Mapya yanang'aa, ila ukiyagusa yanalia kama waya wa kuanikia nguo. Muuzaji mmoja aliniuliza ni zawadi ya nani.

"Yangu mwenyewe."

"Sawa, dada. Lakini mpigaji ni nani?"

Nikatoka. Nilikuwa na Jovin, mpiga besi wa Zinduna, mtu pekee aliyenisindikiza mpaka getini siku ile. Yeye ndiye aliyeniambia tuachane na maduka, twende mtaa wa Gerezani kwa Shaibu.

Shaibu anauza spea zilizotumika kutoka Ujapani. Injini, gia boksi, milango ya magari. Ila makontena yale huwa hayaji na spea peke yake. Katikati ya viti vya magari wapakiaji huchomeka vyerehani, baiskeli, redio, na mara moja moja gitaa.

Siku hiyo yalikuwa mawili, yameegemea injini ya Noah.

"Pacha," Shaibu akasema, mikono ina oili hadi viwikoni. "Baba mmoja, mama mmoja. Bei moja. Chagua unalotaka."

Kweli yalifanana. Yote rangi ya damu ya mzee, umbo lile lile lenye pembe mbili, na jina lile lile kichwani, Hoshida. Nikayageuza. Moja limeandikwa hamsini nyuma ya kichwa, jingine hamsini na tano.

"Tofauti ya hamsini na hamsini na tano ni nini?" nikamuuliza.

"Tano," Shaibu akasema.

Jovin alikuwa ameshashika lile hamsini. Lilikuwa safi, linang'aa, utadhani limetoka leo kwenye sanduku. Lile hamsini na tano lilikuwa limechubuka mgongoni, mahali ambapo chuma cha mkanda wa mpigaji kilikuwa kikisugua, na vichwa vya skrubu vyake vina kutu.

"Hili," Jovin akasema. "Jukwaani watu wanasikiliza kwa macho."

"Lililochubuka ndilo lililopigwa," nikamwambia. "Mtu hapigi gitaa bovu mpaka rangi itoke."

Nikalielekeza lile safi kwenye mwanga wa mlangoni, nikafumba jicho moja, nikaitazama shingo toka chini hadi kichwani kama seremala anavyotazama ubao. Shingo ilikuwa imejipinda. Si sana, ila imejipinda, imenyonywa maji na joto la kontena. Imeshikwa mwilini kwa skrubu nne.

Lile la pili halikuwa na skrubu shingoni. Shingo imezama mwilini na kugundishwa, kitu kimoja na mwili, na imenyooka moja kwa moja. Tena lilikuwa jepesi. Nikafurahi, nikajua huu ni mti mkavu uliokomaa. Mliosoma mpaka hapa uwekeni akilini wepesi ule.

"Tuyachomeke basi tuyasikie," nikasema.

Shaibu akanionyesha taa ya dukani kwake, imezima. Umeme ulikuwa umekatika Gerezani tangu asubuhi.

"Utarudi saa ngapi?"

"Kamuulize anayeukata."

Siku ya pili yake ndiyo Ijumaa, na mimi sikuwa mtu wa kusubiri tena. Nikafanya tulichokuwa tukifanya Zinduna siku za mazoezi umeme ukigoma. Unaweka mfupa wa taya juu ya pembe ya gitaa, unapiga uzi mmoja, unasikiliza kwa meno. Mlio unapanda kichwani wenyewe, huhitaji spika.

Lile safi lililia, likakata. Lile lililochubuka lililia, likaendelea, likaendelea, mpaka nikasikia linatetemeka kwenye jino langu lililotoboka.

"Dada, unaling'ata?" Shaibu akauliza.

"Nalisikiliza."

"Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima."

"Wahenga hao hawakulima kwa jembe la tajiri."

Nilikuwa nimeshafungua pochi. Hapo ndipo sauti ilipotoka mlangoni.

"Shaibu, mambo? Nimeambiwa una magitaa."

Nikageuka. Viatu vyeupe pee katikati ya oili ya Gerezani. Khalfani, mtoto wa Haruna, kijana mwenye kiti changu.

Akaniona, akashtuka. "Dada Chiku. Habari za siku?"

"Siku zako au zangu?"

Akainama kidogo kama mtu anayetafuta kitu chini. Akasema lile gitaa nililoacha linamgomea, na baba yake amempa fedha anunue jingine leo leo, Jumamosi wana harusi.

"Yapo mawili," Shaibu akasema, na nikaona macho yake yanabadilika. Ile bei moja ilikuwa imeshakufa. "Ila dada naye anachagua."

"Mimi sijui magitaa," Khalfani akasema. "Dada Chiku ndiye anayejua. Atakalochukua yeye, mimi naongeza juu yake."

Msomaji, kuna matusi ya aina nyingi. Kuna la mdomoni na la ishara. Lakini mtu kukuchukulia kiti, halafu akusimamie nyuma akingoja uchague kwa ujuzi wako ili akuchukulie na ulichochagua, hilo lilikuwa geni kwangu. Damu ilinichemka. Nilitaka kumpiga na injini ya Noah.

Badala yake nikalirudisha lile lililochubuka sakafuni, taratibu, kama kitu kisicho na maana. Nikalikumbatia lile safi.

"Hili sitoi kwa mtu," nikasema. "Shaibu, ulinipa bei mbele ya Jovin. Usinigeuke."

"Naongeza," Khalfani akasema.

"Hili ni langu. Nimelitafuta Kariakoo nzima."

Jovin alinitazama, akalitazama lililoko sakafuni, akaelewa. Mpiga besi mzuri haambiwi wimbo unaelekea wapi. "Bosi mdogo," akamwambia Khalfani kwa huruma kubwa, "mwachie dada wa watu. Umempokonya kiti, mwachie basi na gitaa."

"Naongeza tena," Khalfani akasema.

Shaibu alinitoa gitaa mikononi kwa adabu zote. Nikanuna, nikamwita msaliti. Khalfani akalipa, akaondoka na gitaa lake safi lenye shingo ya kupinda, viatu vyake vyeupe vikikanyaga kwa uangalifu.

Nilingoja mpaka akakunja kona. "Basi nipe hilo kuukuu," nikamwambia Shaibu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Nitafanyaje na mimi."

Akaniuzia kwa bei ile ile ya mwanzo. Tulipofika barabara ya mwendokasi mimi na Jovin tulicheka mpaka mwanamke mmoja akatupisha njia.

Niliingia nyumbani Ilala nimelibeba kifuani. Mama alikuwa mkekani anachambua mchele.

"Ndilo hilo friji langu?" akauliza.

"Ndilo. Mama, hili ni langu. Sikia, langu."

"Nimesikia. Ulisema tangu kwenye geti."

Jovin alikwenda kwake, nyumba ya pili, akaja na amplifaya yake ndogo ya mazoezi. Kwetu umeme ulikuwepo. Nikachomeka. Nikawasha. Nikakaa vizuri, nikafumba macho, nikapiga.

Kimya.

Nikageuza vitufe. Kimya. Jovin akabadilisha waya, akachomeka besi lake, likanguruma hadi sufuria za mama zikaitikia. Akachomeka langu. Kimya.

"Fungua tuone ndani," akasema.

Nikamtazama. Aibu iliyonipata hapo siwezi kuificha. Miaka yote ile, nyuzi zote zile, na mimi sikuwahi kufungua gitaa hata mara moja. Likiharibika, bosi anamwita fundi wake. Wewe hugusi, kwa sababu si lako. Najua kila sauti inayokaa kwenye shingo ya gitaa, ila ndani ya tumbo lake sikupajua. Nilikuwa nimenunua gitaa la umeme kwa taya.

Jovin akafungua. Chini ya nyuzi kuna vile vifuniko viwili vya chuma, na ndani ya vifuniko hukaa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, ndizo zinazonasa mlio na kuupeleka kwenye spika. Bila sumaku hizo gitaa la umeme ni ubao wenye nyuzi.

Akakinyanyua kifuniko cha kwanza. Ndani palikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa vizuri, kimeandikwa Kijapani. Cha pili hivyo hivyo.

Basi ndiyo maana lilikuwa jepesi. Aliyeiba aliiba huko huko. Na sisi huku tunajidharau, tunadhani wizi umezaliwa Kariakoo.

Nikampigia Shaibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, tena kwa upole.

"Dada," akasema, "ulilichagua mwenyewe. Kwa taya yako."

Mama aliendelea kuchambua mchele. Hakusema neno kuhusu friji, na hilo liliniuma kuliko kama angesema. Nililia, wala sioni haya kuwaambia. Kesho yake nilitakiwa kwa Euphrasia na gitaa langu, na gitaa langu lilikuwa bubu.

Alasiri hiyo hiyo mtu akabisha hodi. Khalfani, na gitaa lake mgongoni.

"Shikamoo, mama," akamsalimia mama yangu.

"Marahaba. Karibu mkekani, ukitoa viatu. Vyeupe mno hivyo."

Akakaa. Jovin akajifanya anakunja waya. Nikajua kijana amekuja kugomba, nikajipanga. Nilikuwa na maneno ya wiki nzima yanangoja mtu wa kuyabeba.

"Ulijua hili ni bovu," akasema.

"Nilijua. Na ningefanya tena."

"Mimi pia nilijua."

Nikamkazia macho.

"Nilikuona nikiwa pale mlangoni kabla sijaingia, unavyolisikiliza lile jingine," akasema. "Nikajua nikisema naongeza utanitupia lililo baya, na baya ndilo nililotaka. Dada Chiku, mimi sikuomba kiti chako. Mimi nauza viatu vya mtumba Mchikichini, na biashara yangu naipenda. Ni baba anayetaka jina lake lisimame jukwaani. Nikasema nikipata gitaa baya, nitapiga vibaya, atanikatia tamaa, nitarudi kwenye viatu vyangu."

"Sasa?"

"Sasa nimelichomeka nyumbani, limelia vizuri. Shingo imepinda, vidole vinauma, lakini baba yuko chumba cha pili, hajui shingo. Amesikia mlio tu. Amefurahi, ameita majirani."

Jovin alishindwa kujizuia, akacheka. Mama naye. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa anakokwenda.

Akatazama gitaa langu lililofumuliwa, vifuniko viwili na magazeti ya Kijapani juu ya mkeka. Uso wake ukafunguka.

"Lako halina sumaku," akasema taratibu.

"Halina."

"Ni pacha haya. Za kwangu zitaingia, eti, Jovin?"

Jovin akapima kwa kidole hapa na pale. "Zitaingia kama zimezaliwa humo."

"Basi chukua," Khalfani akasema. "Leo hii. Langu likiwa bubu, Jumamosi sipandi. Wewe unapata kiti chako kwa yule mama wa Bungoni ninayesikia anakungoja kesho, mimi napata viatu vyangu."

Mliowahi kuwa na kiu mtanielewa. Maji yaliwekwa mbele yangu, kwenye mkeka wa mama yangu, bure. Nilinyoosha mkono mpaka vidole vikagusa gitaa lake. Kisha nikaurudisha.

"Gitaa hilo amelinunua nani?"

"Baba."

"Kwa hiyo sumaku ni za baba yako. Nikiziweka kwenye langu, kesho anapanda jukwaani, ananyoosha mkono, anasema, 'Changu.' Na safari hii pia atakuwa hakosei. Sitaki, Khalfani. Nilinunua hili ili asiwe na hata skrubu ndani yake."

"Mwanangu kasema kweli," mama akadakia. "Cha Haruna kikiingia humo, Haruna kaingia."

"Lakini kesho utapiga nini?" Jovin akauliza.

"Nitapiga ubao. Nitauwekea maikrofoni mbele. Lakini cha Haruna hakiingii humu."

Najua mtasema ujinga. Semeni. Nilikuwa nimekaa pale, gitaa bubu mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ofisini nilijiona mzima.

Simu ya Khalfani ikaita. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi mkekani. Ikanyamaza. Ikaita yangu.

"Mwanangu yuko kwako," Haruna akasema bila salamu. "Ameonekana anashuka hapo na gitaa."

"Yupo. Anakunywa chai."

"Mwambie arudi nalo nyumbani."

"Mwambie wewe, ana masikio."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye karata nzuri. "Nasikia kesho una shughuli kwa Euphrasia."

"Unasikia vizuri."

"Alikuambia vyombo vya pale kwake ni vya nani?"

Nilikumbuka spika nyeusi pembeni ya jukwaa nilizozipita Jumatano bila kuzitazama.

"Amplifaya, spika, maikrofoni, mpaka waya," akasema. "Anakodi kwangu. Umenunua gitaa, Chiku, hongera. Sasa niambie, utachomeka wapi?"

Kumbe nilitoka kwenye nyumba yake nikaingia kwenye ua wake. Hata ule ubao wangu na maikrofoni, maikrofoni ni yake. Niliwatazama mama, Jovin na Khalfani, wote wananitazama, na nikasikia woga. Nilipofungua mdomo ulikuwa si woga tena.

"Nitachomeka hapo hapo," nikasema. "Kwenye amplifaya yako."

"Nitaichomoa."

"Njoo uichomoe. Ila uje mwenyewe, usitume mtu. Upande jukwaani watu wamekaa, wimbo unaendelea, uiname na kanzu yako hapo miguuni pangu uvute waya. Uliponivua gitaa tulikuwa wawili tu ofisini kwako. Safari hii nataka mashahidi."

Sikumpa nafasi.

"Na jambo jingine nakuambia mapema, usije ukasema nimeiba. Sumaku za gitaa la mwanao zinaingia kwenye langu sasa hivi, na mwenyewe ameridhia. Ukija kuchomoa waya, njoo na bisibisi uchomoe na hizo."

Nilingoja atukane. Hakutukana.

"Nitakaa meza ya mbele," Haruna akasema, akakata simu.

Mama aliweka ungo wa mchele chini. "Wewe si umesema sasa hivi cha Haruna hakiingii humo?"

"Nilisema hivyo nilipodhani Haruna anaweza kubaki nje."

Jovin akaniletea bisibisi. Nikamsogezea Khalfani gitaa langu na lake, damu ya mzee kando ya damu ya mzee, nikamwambia, "Fungua."